Unyoya Katika Sura ya Kumi na Sita

Efrazia hakuwa na mtoto wa kiume, na mumewe alikuwa amekufa. Huku kwetu Machochwe hilo ni tatizo moja, siyo mawili. Mwanamke mwenye mabinti watupu tunasema ana nyumba ntobu, nyumba isiyo na mrithi. Akifa, ng'ombe wake wanakwenda kwa shemeji zake, shamba lake linakwenda kwa shemeji zake, na jina la mumewe linazimika kama moto wa majani.

Dawa ya jambo hilo ipo tangu mababu. Mwanamke huyo huchukua ng'ombe walioletwa kwa mahari ya binti zake, akaoa msichana. Msifikiri vibaya ninyi mlioko mbali. Anamwolea mtoto wa kiume ambaye hakuzaliwa. Msichana anaitwa mokamona, yaani mke wa mwana. Kisha mama mkwe anachagua mwanamume wa kuingia kwa msichana huyo, na watoto wanaopatikana ni wa nyumba ile, wanabeba jina la marehemu. Mwanamume hana chake hapo. Anakuja, anaondoka. Msichana haulizwi.

Sasa, Efrazia alikuwa Mkristo, tena siyo wa Krismasi tu. Aliongoza akina mama wa kanisa letu. Mumewe, Tomaso, ndiye aliyekanyaga udongo wa kanisa la kwanza kwa miguu yake. Tomaso alikufa kabla ya operesheni, kabla hatujahamishwa kutoka kwenye miji yetu na kupangwa kijijini. Kwa hiyo Efrazia alipohama, kaburi lilibaki kule kwenye mahame, karibu na chemchemi, na mkonge ukaota juu ya kila kitu.

Kijijini tulipangwa kwa mstari, nyumba na nyumba. Ukikohoa, jirani anasema pole. Nyumba yangu ilifuata ya Efrazia. Tena mimi nilikuwa balozi wa nyumba kumi, hivyo mambo yake niliyasikia mara mbili: kwanza kupitia ukutani, halafu yakaletwa kwangu rasmi.

Miaka ile ya kisomo cha watu wazima ndipo Efrazia alipojifunza kusoma. Tulikaa benchi moja, maana mimi niliacha shule darasa la tatu na herufi zilikuwa zimenitoka. Wengi walipofaulu walirudi kwenye jembe wakasahau. Efrazia aliuza mbuzi akanunua Biblia. Akaanza Mwanzo sura ya kwanza, kwa kidole, neno moja moja, kila alasiri akitoka shamba la kijiji.

Siku moja nikasikia kelele kwake. Nilishika rungu nikijua ni nyoka.

"Balozi! Njoo uone! Wamo humu!"

"Akina nani?"

"Sisi! Wakurya wamo humu!"

Alikuwa amefika sura ya kumi na sita. Hapo Sarai, ambaye hakuzaa, anamwambia mumewe aingie kwa mjakazi wake Hajiri, labda yeye Sarai atapata uzao kwake. Efrazia alinisomea mara mbili, jasho likimtoka. Halafu akachomeka unyoya wa kanga wa porini mahali pale, akafunga kitabu akakikumbatia.

"Mimi nilidhani ni dhambi," akasema. "Kumbe Sara mwenyewe."

Wakati huo ng'ombe wa mahari ya Esta, binti yake mkubwa, walikuwa zizini. Shemeji yake Mogesi alikuwa akipita jioni jioni kuwaangalia, akiwapapasa migongo, kama mtu anayepima kitambaa. Efrazia alimwona. Mwezi haukuisha tukaswaga ng'ombe kumi na mmoja mpaka Ringwani, kwa mtu anayeitwa Nashoni. Tulikubaliana mtamba mmoja angefuata siku ile mwanamume atakapoingizwa kwa msichana. Tukarudi na Gati.

Gati alikuwa na miaka kumi na tisa, mrefu, mkimya, amesoma hadi darasa la nne. Alitembea nyuma yetu safari nzima na hakuuliza kumebaki umbali gani. Mtu anayekwenda anakotaka huuliza.

Habari zilimfikia mchungaji Hezekia. Akaja kwa baiskeli, suruali ameibana na kamba isishikwe na mnyororo. Mimi niliitwa kama balozi.

"Mama Esta," akaanza, "nimesikia jambo."

"Umesikia kweli. Kunywa uji kwanza."

Akanywa. Akafuta mdomo. "Kanisa haliruhusu mwanamke kuoa."

"Sijaoa mimi. Nimemwolea mwanangu."

"Mwanao yupi?"

"Ambaye Mungu hakunipa."

Hezekia akanitazama mimi. Mimi nikatazama kuku.

Efrazia akaleta Biblia, akafungua penye unyoya, akamsomea mchungaji kama anavyosomewa mtoto. Alipomaliza akauliza, "Huyu Sara ni wetu au si wetu?"

"Ni wetu. Lakini hayo yalikuwa zamani."

"Na Yesu kusulubiwa ilikuwa juzi?"

"Mama, kanuni za kanisa zinasema..."

"Wewe unanipa kanuni, mimi nakupa Biblia. Kwenye kisomo tulifundishwa kusoma kilichoandikwa. Hapa kimeandikwa."

Hezekia alikuwa mtu mzuri, lakini hakuwa mtu wa kubishana. Alisema tu, "Basi ungesoma mpaka mwisho wa sura, mama," akafungua kamba yake, akaifunga tena, akapanda baiskeli. Jumapili iliyofuata alitangaza kwamba Efrazia ametengwa na Meza ya Bwana mpaka jambo lake litengenezwe. Efrazia aliendelea kuja kanisani. Alikaa mlangoni na kitabu chake mapajani, unyoya ukichungulia, amenyoosha shingo kama mtu aliyeonewa.

Nami nitasema ukweli: alimpenda yule msichana. Miguu ya Gati ilikuwa imepasuka kwa safari, na kila jioni Efrazia alikaa chini akaipaka samli, yeye mwenyewe, mama mzima wa kanisa. Maziwa ya kwanza yalikuwa ya Gati. Baridi ya mwezi wa saba ilipokuja, alimvika koti la Tomaso, lile la jeshi, ambalo hata binti zake hawakuruhusiwa kuligusa.

Mke wangu Veronika alikuwa akitazama hayo kutoka jikoni kwetu.

"Anamlea kama kifaranga," nikamwambia.

"Kifaranga nacho hulelewa kwa sababu," akasema.

Alasiri walisoma pamoja kibarazani huku wakipukuchua mahindi. Hapo ndipo nilipomsikia Gati akicheka kwa mara ya kwanza.

"Mama, unasoma kama mtu anayevuka mto kwa mawe."

"Na wewe unasoma kama unafukuzwa na nyuki. Soma taratibu, hilo ni Neno."

Lakini habari ya Sara hakumwachia Gati aisome. Hiyo aliisoma yeye, mara kwa mara, kama dawa inayonywewa kwa saa. Alifika penye unyoya, akafunga.

Siku moja Gati akauliza, "Na huyo Hajiri, yeye alisemaje?"

"Hakusema kitu."

"Labda anasema mbele."

"Mokamona, mahindi hayo yanakusubiri."

"Tusome kidogo tuone, mama."

"Kesho."

Kesho yake wakasoma Zaburi.

Karibu na mwisho wa mavuno Efrazia alichagua mwanamume. Magige alikuwa wa ukoo wa Tomaso, ana mke na watoto, hanywi, hapigani. Huwezi kusema alichagua vibaya. Alimjengea Gati nyumba ndogo nyuma ya yake, akaipaka udongo mweupe, akaweka kitanda. Siku ikapangwa. Nashoni akaja kutoka Ringwani asubuhi kumfuata mtamba wake, kwa sababu Nashoni hakuwa mtu wa kuchelewa jambo lenye kwato. Mbuzi akachinjwa. Magige akafika amevaa shati la kola, akakaa kwenye kigoda, akawa anatazama viatu vyake.

Gati hakuwapo.

Kwanza tulidhani amekwenda mtoni. Ndoo zilikuwa zote ndani. Veronika akaenda kwenye ile nyumba nyeupe: kitanda hakijalaliwa. Vijana wakatumwa njia ya Ringwani, na mimi nilikuwa na hofu nisiyoisema, kwa sababu sisi tunapakana na mbuga, na nyumbu walikuwa wamepita wiki ile, na wanaowafuata nyumbu mnawajua.

Nashoni alikuwa akizunguka uwanjani na fimbo. "Nitamvunja miguu. Mkwe, nisamehe, nitamvunja miguu nikuletee hivyo hivyo."

Efrazia alikuwa ameingia ndani, akatoka na Biblia, na uso wake umekuwa kama majivu. Unyoya haukuwa mahali pake. Miezi yote ile ulikuwa katikati ya ukurasa, penye uzao wa Sara. Sasa ulikuwa chini zaidi. Gati alikuwa amesoma mbele.

"Nisomee, balozi," akaniambia. "Macho yangu hayaoni."

Siyo macho. Nikasoma, mbele ya Nashoni, mbele ya Magige na viatu vyake. Nikasoma polepole, maana hata mimi ni mtu wa mawe mtoni. Kwamba Hajiri alipopata mimba akamdharau bibi yake. Kwamba Sarai akamtesa, naye akakimbia. Kwamba malaika alimkuta penye chemchemi jangwani, akamwita kwa jina, akamwuliza ametoka wapi na anakwenda wapi. Hajiri akasema anamkimbia bibi yake. Malaika akamwambia arudi kwa bibi yake, akanyenyekee chini ya mikono yake.

Nilipofika hapo niliinua macho. Nashoni alikuwa ameacha kuzunguka.

"Penye chemchemi," akasema Efrazia. Akaanza kutembea.

Tulijua anakwenda wapi. Chemchemi tuliyokuwa tunaizungumza sisi sote, yenye maji hata kiangazi, ilikuwa moja: kule kwenye mahame yake. Alikuwa amemsimulia Gati mara nyingi. Hapa palikuwa zizi, hapa jiko, hapa tulimzika Tomaso. Tukamfuata, mimi na Nashoni. Ni mwendo wa kutosha, na mama huyo hakuwa kijana, lakini sisi ndio tuliokuwa tukihema.

Jua lilikuwa utosini tulipofika. Mkonge ulikuwa umefunga mahali palipokuwa lango. Kuta zilikuwa zimekwisha kurudi udongo. Gati alikuwa amekaa kwenye jiwe, miguu ndani ya maji, na koti la Tomaso begani. Hatua chache nyuma yake lilikuwa kaburi. Alikuwa amelisafisha. Alikuwa amekwisha ng'oa majani yote juu yake na kuyapanga kando, kama mtu aliyetafuta kazi ya kufanya wakati akingoja kukamatwa.

Alipotuona hakukimbia. Alitoa miguu majini, akaikausha kwa pindo la gauni, akasimama.

Efrazia alisimama ng'ambo ya maji.

"Gati," akasema.

Nilishtuka, na nadhani Gati naye alishtuka. Tangu tumlete kutoka Ringwani sikuwahi kumsikia akimwita hivyo. Alikuwa mokamona. Mokamona njoo, mokamona kula, mokamona umelala? Aliyasema kwa upendo, lakini mokamona ni mke wa mtu ambaye hayupo.

"Naam, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Umetoka wapi?"

Swali la kijinga, ungesema. Lakini Gati alijua limetoka wapi. "Nimetoka kwako."

"Unakwenda wapi?"

"Sijui. Ningejua ningekwisha fika. Ringwani baba angenirudisha. Kwako yupo yule mwanamume. Nikaona nije kwa Tomaso. Yeye ndiye mnayenizungusha kwa ajili yake, nikaona nije nimwone anayetaka watoto wangu. Yeye hajasema kitu."

Nashoni akaruka mbele, fimbo juu. Nikamshika mkono. Hapo ndipo akafanya jambo ambalo sikutegemea. Akashusha fimbo, akakohoa, na akaanza kusema kwa sauti ya kanisani.

"Gati, mwanangu. Umesoma mwenyewe. Malaika alimwambiaje Hajiri? Rudi kwa bibi yako, ukanyenyekee. Sio mimi, ni malaika. Imeandikwa. Balozi ametusomea sasa hivi. Utabishana na malaika?"

Gati akainamisha kichwa. Fimbo angeivumilia. Hilo alikuwa amelisoma mwenyewe, na pengine ndilo lililomkalisha pale kwenye jiwe badala ya kuendelea mbele.

Nikamtazama Efrazia. Ilikuwa imekwisha. Neno lilikuwa upande wake, kabisa, bila kupindisha herufi. Alichotakiwa kufanya ni kusema amina na kumshika msichana mkono. Jioni Magige angeingia, mwakani Tomaso angezaliwa tena, na Mogesi angekoma kupapasa migongo ya ng'ombe. Hata Hezekia asingekuwa na la kusema.

Efrazia alikaa chini, pale pale kwenye matope, na nguo yake nzuri.

"Nashoni," akasema, "rudia."

"Nirudie nini?"

"Hayo uliyosema."

Nashoni akarudia, kwa furaha. Rudi kwa bibi yako. Ukanyenyekee.

"Yananuka," akasema Efrazia.

"Mkwe?"

"Maneno hayo nilikuwa nayo mdomoni tangu nyumbani. Nimetembea njia yote nayatafuna, nasema nikifika nitamwambia hivi. Wewe umenitangulia tu. Nimeyasikia yakitoka kwako, yananuka ng'ombe. Na kwangu yalikuwa yananuka hivyo hivyo. Ila mtu hasikii harufu ya nyumba yake."

"Lakini ni Neno!"

"Ni Neno. Aliambiwa Hajiri, na malaika aliyemwambia alimpa na ahadi ya uzao wake mwenyewe mkononi. Wewe unampa nini? Mimi nampa nini? Kitanda na Magige." Alikuwa anaanza kulia sasa, lakini sauti haikuvunjika. "Mimi nilifungua kitabu nikamtafuta wa kunitetea. Nikampata Sara, nikaweka unyoya, nikafunga, asije akasema na mengine. Kumbe alikuwa na mengine. Ameandikwa hapo chini tu, vidole viwili: akamtesa, naye akakimbia. Kitabu hakikuwa kinanitetea, Nashoni. Kilikuwa kinanionyesha uso wangu."

Ng'ambo kulikuwa na swala wawili waliotaka maji, wakitungoja tuondoke.

Nashoni alikuwa wa kwanza kurudi kwenye mambo yake. "Sasa unasemaje? Maana ng'ombe hazirudi. Nakwambia mapema. Hazipo. Nimemwolea Heche."

Heche alikuwa mwanawe. Ndivyo ilivyo huku: ng'ombe wa dada humwolea kaka. Wakidaiwa, mke wa kaka anarudishwa kwao ili ng'ombe watoke kule walikokwenda. Unavuta uzi mmoja huku, nyumba inafumuka kule.

"Uzidai," akasema Nashoni, na sasa alikuwa anamtishia, "nami nitamrudisha mke wa Heche. Ana mimba ya miezi sita. Chagua."

Efrazia akamtazama. "Anaitwa nani?"

"Nani?"

"Mke wa Heche."

Nashoni alifikiri. Kweli, alifikiri, mimi nilimwona. "Mokami."

"Mokami akae kwake. Asiguswe."

Akasimama, akavuka maji bila kuvua viatu, akamshika Gati mikono yote miwili. "Mimi sina tena neno juu yako. Siyo mke wa mtu kwangu. Balozi ni shahidi. Ukitaka kwenda, tutakusindikiza. Ukitaka kukaa, kaa kama Esta alivyokaa, na siku ukipata mtu wa kwako utasema mwenyewe. Nisamehe, Gati. Nilikupaka samli kama ng'ombe wa maonyesho."

Gati alikuwa na haki ya kukataa na naamini alilifikiria hilo. Kisha akavua lile koti, akamvika mama, maana alikuwa anatetemeka.

"Nitarudi nawe," akasema. "Lakini nitalala nyumbani mwako. Ile nyumba nyeupe silali."

"Ile ni ya mbuzi," akasema Efrazia.

Ungedhani yameisha. Tumekwisha geuka, tunaondoka, Nashoni akaita kwa nyuma, "Na mtamba?"

Nilitaka kumpiga. Nasema kweli, balozi au si balozi. Mtamba alikuwa wa kutolewa siku mwanamume atakapoingia, na hakuna aliyeingia popote.

Efrazia akageuka. "Nikikunyima utafanya nini?"

"Gati bado ni binti yangu. Kuna mtu kule kwetu ana ng'ombe."

"Mchukue mtamba," akasema Efrazia. "Lakini ukifungua kamba yake zizini kwangu, balozi akiona, huna tena neno la ndoa juu ya Gati. Wala kwa mtu mwenye ng'ombe, wala kwa mtu mwenye treni."

Akakubali. Alikubali haraka mno, mpaka nikaona aibu kwa niaba yake.

Tuliporudi Magige alikuwa bado kwenye kigoda. Alikuwa amekula ubavu mzima wa mbuzi kwa wasiwasi. Nilipomweleza kwamba hatakiwi tena, alisimama, akasema, "Asante, balozi. Asanteni sana," akaondoka kwa mwendo ambao kama siyo shati la kola ungekuwa mbio. Veronika alicheka mpaka akakaa chini.

Jumapili Efrazia alikaa mlangoni kama kawaida, na Gati ubavuni. Hezekia alipomwita mbele aseme jinsi mambo yake yalivyotengenezwa, hakusema mengi. Alisema alikuwa amesoma nusu ya sura. Hezekia akangoja mengine. Hayakuja. Akamrudisha Mezani. Tangu siku hiyo Biblia yake haikuwa na alama yoyote ndani. Alisoma mpaka alipochoka, na kesho yake akatafuta mwenyewe alipoishia, na mara nyingi alirudia sura nzima kwa sababu hakukumbuka. Gati alimcheka kwa hilo miaka yote.

Gati alikaa kwake miaka minne. Alifundisha kisomo chini ya paa la kanisa. Aliolewa na fundi seremala wa Nyamisangura, mtu aliyemchagua mwenyewe, na mahari aliyotoa yule fundi ilikuwa ndogo, kwa kuwa hakuwa na dada. Efrazia aliwarudishia wale ng'ombe wa mahari wakaanzie maisha. Mtoto wa kwanza wa Gati alikuwa wa kiume. Wakaja kumwambia wanataka kumwita Tomaso. Efrazia alimpakata yule mtoto kutwa nzima, akamnusa kichwa, akamwimbia, na jioni akamrudisha kwa mama yake akasema hapana. "Mtoto huyu ana baba yake, na baba yake ana baba. Mwiteni kwa hao." Wakamwita Simoni.

Efrazia alikufa mwaka wa njaa. Alizikwa na Gati na binti zake, Esta na mdogo wake Christina, na Gati ndiye aliyemfumba macho. Mogesi alikuja siku ya tatu na vijana wake, akafungua zizi.

Hesabu yake ni hii. Ng'ombe kumi na mmoja wa mahari ya Esta walibaki Ringwani. Mtamba mmoja mwekundu mwenye baka jeupe tumboni aliondoka pale zizini mbele ya macho yangu. Nyumba moja ya udongo mweupe ililala mbuzi. Shamba lililimwa na watoto wa Mogesi. Ng'ombe waliobaki, watano, aliwachukua Mogesi. Koti moja la jeshi analo Gati. Na jina la Tomaso, hakuna mtu Machochwe anayeitwa hivyo.